Tangu Kuzaliwa

Wateja walimwita Fundi Taratibu, naye hakununa. Mtindio wa ubongo ulimwachia mguu wa kuburuta, shingo ya kutikisika na mkono wa kushoto uliokunjika, lakini huo wa kulia, jamani, ulishona gauni likamkaa mtu utadhani alizaliwa nalo. Miaka ishirini ulimlisha yeye na mdogo wake wa kike, anayepiga pasi na kushona vifungo.

Siku hiyo mdogo mtu alikunjua gauni jeupe la bibi harusi akakuta madoa ya damu, mstari mzima.

"Dada, umejichoma?"

Fundi akatazama kidole. Sindano ilikuwa bado imo, na yeye hana habari.

"Si unanijua," akasema, akiichomoa. "Hali yangu hii."

Ndiyo kauli ya nyumba nzima hiyo. Akianguka, hali yake. Shingo ikimuuma mpaka analala ameketi, hali yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Yeye wala hakuyaficha, aliyachanganya na ya zamani. Mara mbili alikwenda hospitali, akaulizwa tatizo limeanza lini, akajibu "tangu kuzaliwa", kama mama yao alivyomzoesha utotoni. Akapewa dawa za maumivu akarudi. Moyoni aliogopa, tena vibaya: mkono ule ukimsaliti, hana mwingine.

Safari ya tatu mdogo mtu alifunga duka, akalitia lile gauni lenye madoa kwenye mfuko, wakaenda wote. Daktari, mwanamke wa makamo asiye na papara, akauliza, "Vidole vimekufa ganzi tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

"Si kweli, dada." Mdogo mtu akatandaza gauni mezani. "Tangu kuzaliwa unatikisika shingo. Sindano ulikuwa unaihisi vizuri sana, na matusi juu."

Daktari akayatazama madoa, akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba lile jeraha la ubongo alilozaliwa nalo haliongezeki, ila shingo iliyokakamaa na kutikisika miaka yote huchakaa mapema, ikabana neva zinazoshuka mikononi. Zikibanwa muda mrefu, kilichopotea hakirudi.

"Kwa hiyo nauliza tena. Lini?"

Fundi akafumba macho. "Miezi saba," akasema, machozi yakimtoka. "Nilidhani ni yale yale."

"Siyo yale yale," daktari akasema, na tayari alikuwa anampigia simu mpasuaji.

Mdogo mtu akaushika ule mkono wa kulia, akaubana. Fundi alijua umebanwa kwa kutazama tu.