Diski Mbili za Studio ya Nasur

Kompyuta ilikuwa imelala ubavu juu ya meza ya chakula, tumbo wazi, nami nimeshika diski mbili, moja kila mkono.

"Amua, dada," alisema Adrabo, fundi wa Pajulu aliyekuwa akinifundisha kuiunda. "Tukiziunga ziwe moja, utapata nafasi kubwa na kasi. Lakini moja ikifa, imekufa na mwenzake. Tukizifanya pacha, kila picha itaandikwa kwenye zote mbili, ila nafasi itabaki nusu."

Nafasi niliihitaji. Marehemu baba yangu, Nasur, alikuwa mpiga picha hapa Arua, na alituachia bahasha mia mbili za filamu. Nilitaka kuziingiza zote kwenye kompyuta kabla ukungu haujazila. Namba zilizoandikwa juu ya bahasha zilinisumbua tangu utotoni: mbili, nne, sita, nane, hadi mwisho, shufwa tupu. Siku moja nilimwuliza baba witiri ziko wapi. "Zilisafiri," akasema, akaendelea kufuta lenzi.

Mama yangu, Mariam Poni, alikuwa kizingitini akichambua maharage. Nilidhani hasikilizi.

"Hii pacha," akauliza, "iko nalala nyumba moja?"

"Ndani ya boksi moja, mama," Adrabo akamjibu.

"Na radi ikipiga?"

Adrabo akakuna kidevu. "Itaunguza zote mbili."

Mama akaweka ungo chini.

"Wakati ya vita, mimi na baba yako tuligawa bahasha. Moja kwake, moja kwangu, mpaka ikaisha. Yeye akaenda njia ya Sudan, mimi njia ya Kongo."

"Kwa nini mlizipishanisha hivyo?"

"Familia moja ilikuwa na bahasha mbili, tatu, zinafuatana. Yeye akipotea na yake, mutu bado iko na sura kwangu."

Nilikaa chini. Miaka yote ile nilikuwa nikitafuta jibu kwenye makabati, na jibu lilikuwa likipika nyuma ya nyumba.

"Sasa zake zilienda wapi, mama?"

Alitazama mikono yake. "Mto Kaya ilikuwa imejaa. Yeye iko na boksi kichwani, dada yako Bushira mgongoni. Maji ikamsukuma. Akaachia boksi."

Adrabo aliweka bisibisi mezani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Basi tufanyeje?"

Hatukuziunga wala hatukuzifanya pacha. Tulifunga diski moja ndani ya kompyuta. Ya pili tuliipa boksi lake la nje, niwe naichomeka kila nimalizapo kazi, naijazia nakala za picha, kisha naichomoa. Adrabo alisema ni kazi ya watu wenye subira. Nilimwambia ninayo.

Kwa miezi mitatu niliinua sura baada ya sura kutoka gizani: mabwana harusi, askari wenye kofia mpya, watoto waliokasirika. Mama aliketi kando yangu akitaja majina, na pale aliposahau aliwaita majirani waje kuangalia.

Diski ya pili ilipojaa niliipeleka mji wa Koboko, nyumbani kwa dada Bushira. Aliigeuza kiganjani, akaisogeza sikioni.

"Inahitaji umeme?"

"Hapana. Mahali pakavu tu."

Akapanga upya nguo za wajukuu kabatini, akaiweka katikati yake. Kisha akaniuliza kama nimekula.