Fundi Aliyepimia Mto Viatu

...ukagonga mlango wa fundi viatu, mto mzima, na maji yake na kambare wake, ukasema fundi, nimechoka kutembea pekupeku juu ya mawe, nishonee viatu, naye fundi akachukua futi yake akauliza, sawa, miguu yako iko wapi... iko wapi, hapa ndipo ninapokwama kila Jumapili, "Halafu?" anasema mwanangu Kasuku, kichwa chake kizito juu ya mkono wangu, mkono wenyewe umeshakufa ganzi, halafu, ngoja, babu yako alisema mto ukajibu, kisigino changu kiko mlimani na vidole viko baharini, kapime mwenyewe, "Hiyo naijua, halafu?", halafu sijui, mwanangu, ila nitakuambiaje sijui, na pazia limevutwa, jua la mchana linachungulia pembeni, macho yanawasha, wiki nzima nimezunguka mitaani nasoma mita za maji, nainama, nafuta vumbi kwenye kioo, nasoma namba, nainuka, kichwa kimejaa namba tupu, hadithi itakaa wapi, "Baba Kasuku," mke wangu huyo, jikoni, "umemlaza au umelala wewe?", namlaza, "gesi inakaribia kwisha," sawa, "sawa ya kwenda au sawa ya kuninyamazisha?", ana mdomo mama huyu, mtoto hakuuokota njiani, nalazimisha kope zisishuke, kila Jumapili napigana na usingizi hivi ili nisimkatize mtoto, maana najua uchungu wa kukatiziwa, baba alikuwa akioka mikate, akienda kuwasha tanuri watu wote wamelala, kwa hiyo mchana akirudi hana nguvu, ananuka hamira, unga kwenye nyusi, viatu anaviacha mlangoni vyeupe pe, anajilaza kando yangu hivi hivi, anaanza, mto ukagonga mlango, na sauti ikianza kuzama ndipo hadithi inanoga, akiwa macho kabisa alisema mambo ya kila mtu, fundi mwema, mto mkubwa, lakini kope zikilegea tu yanatoka maneno sijui yametoka wapi, kisigino mlimani, soli ya moshi, uzi uliosokotwa kwa miluzi, kisha nusu neno, kisha pumzi, nami namfinya, "Baba, usilale, halafu?", anashtuka, "Eh? Nilikuwa wapi?", imeshapotea, hata ile soli ya moshi haikumbuki, nikimkumbusha ananitazama kama nimemzushia, na mama akipita anasema mwache baba yako, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, mimi nacheka, nilijua nini, "Ukiniamsha inakimbia," aliniambia siku moja, wala hakukasirika, alikuwa anakuna kidevu, "inakuja pale katikati, sijalala na siko macho, nikiigeukia haipo," na kesho yake nikamfinya tena.

Lakini hayo ya utotoni nimejisamehe, nisilojisamehe ni la kwenye kochi, mwaka huu huu, mzee amekuja kututembelea, narudi kazini na mkoba begani nawakuta, Kasuku kajikunja kifuani kwake, macho ya mzee yamefumbwa, midomo inakwenda, sauti ya chini kabisa, sikuambulia hata neno, nikaona ataumia shingo, huruma hiyo, huruma ya mjinga, nikamshika bega, mzee, inuka ukalale kitandani, akafumbua macho pole pole, "Nilikuwa nimefika," akasema, "leo nilikuwa nimefika kabisa, mwanangu, umenirudisha," tukacheka, nikamwambia utamalizia kesho, na kesho ikaja na basi lake la asubuhi, kisha ikaja simu ya dada, baba kalala, hakuamka... mimi niliyekuwa bingwa wa kumwamsha sikuwepo, na ningekuwepo ningefanya nini, najuta, basi, najuta lile bega, mkono wangu ungenyauka njiani ningeshukuru, nimemuuliza Kasuku mara ngapi, babu alisema nini pale kwenye kochi, anasema nililala, baba, sikusikia, majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu mwenyewe huyu hapa kanilalia mkono, anataka mwisho niliouua mimi, "Halafu, baba?", halafu fundi akasema simama nikupime, mto ukasema sijawahi kusimama, nikisimama mimi si mto tena... hiyo si ya baba, nimeitoa wapi, ngoja, mita namba nne, saba, kioo kina ukungu, nakifuta, ndani maji yanapita, na mguu, mguu wa mtu, unga kwenye nyusi, fundi akasema basi kama husimami nitakupima tukiwa tunakwenda, akavua viatu vyake mwenyewe, vyeupe pe, akaviacha mlangoni, akaingia, maji mpaka magotini, akageuka kidogo, akasema... "Baba Kasuku, huo mtungi," mlango umefunguka, naujua mlio wa bawaba ile, sasa atanishika bega, ndiyo haki yangu, itakimbia, inakimbia... "Mama, shh," sauti ndogo, pumzi yake shingoni mwangu, "usimwamshe." "Kwani kalala?" "Hajalala. Babu alisema ukimwona mtu yuko hivi usimguse, kaenda kuuleta mwisho." Maji ya mfereji yanadondoka jikoni. "Haya," anasema mke wangu, sauti imemshuka, "gesi nitaifuata mwenyewe," na bawaba inalia tena, taratibu, na mimi niko macho, macho kabisa, kama niliyemwagiwa ndoo, kumbe alimwambia, alituambia wote wawili, na aliyesikia ni huyu asiyefika hata kwenye swichi ya taa, na ule mwisho sijui kama ni wa baba au wa kwangu, sijui kama kuna tofauti, viatu bado viko mlangoni, naviona, kidole cha mtoto kinagusa kope zangu kinaondoka haraka, ananisubiri, hasemi halafu, nalegeza pumzi, iwe ndefu, ya mtu anayezama, fundi yuko majini mpaka kiunoni, anaendelea kwenda, nami sifumbui macho, nisimrudishe.