Reki ya Baba

Sisi wagema utomvu, kila mwaka kabla ya kiangazi, tunapara chini ya kila msonobari hadi ubaki udongo mtupu, moto usipate pa kutambalia. Mwaka jana moto ulitambaa hata hivyo, ukala mteremko wetu wote. Lakini majira yalipofika tena, baba yangu, Argiris, alichukua reki akaenda kupara chini ya miti iliyokuwa makaa. Mazoea hayana macho.

Nilimpelekea mkate na zeituni. Juu yetu mteremkoni mjomba Paraskevas alikuwa anafunga mnyororo kwenye trekta, ayavute magogo kabla wadudu hawajayaharibu. Nikaona kijani kwenye meno ya reki. Nilidhani magugu. Nikachomoa kichipukizi kimoja: kishina chekundu chembamba kama uzi, juu yake sindano laini za msonobari zimetawanyika kama miale.

Nikapiga magoti. Vilikuwa vingi majivuni, kila mahali, hata nikaogopa kuhamisha goti.

"Baba, acha," nikasema. "Unang'oa msitu."

Akanijibu kwamba jua limenipiga. Kisha akainama, na reki ikamtoka mkononi.

Trekta ikanguruma. Nikapanda mbio nikirukaruka kama mbuzi, nikasimama mbele yake.

"We Garifalia, toka hapo," mjomba akasema. "Au umekuja kuolewa na trekta?"

Nilimweleza kwa pumzi moja kwamba moto ulifungua makoko ya misonobari, mbegu zikamwagika, mvua ikaziotesha, na magogo yakiburutwa hapa hatutagema tena maisha yetu yote. Akasema yeye haoni kitu.

"Basi shuka, mjomba. Nioneshe pa kukanyaga."

Akashuka akicheka. Akatua mguu mmoja, wa pili ukabaki hewani. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Lijitu zima limesimama kama korongo.

"Bikira Maria," akanong'ona. "Niushushe wapi huu?"

Tulicheka hadi baba akaja. Wakakubaliana palepale: magogo ya kuuza yatashuka migongoni mwa baghala kwa njia ya zamani, mengine tuyalaze kukingama mteremko yazuie udongo. Mjomba akairudisha trekta kinyumenyume juu ya alama zake mwenyewe, kichwa nje, akilaani kila jiwe.

Baba akaichomeka reki katikati ya njia ya trekta, meno juu. Hadi leo hakuna aliyeing'oa.