Swali Alilolikata Éliezer

Kila Jumapili baada ya ibada, madirisha na mlango wa ukumbi wa kanisa mjini Baraka huzibwa kwa maturubai, jenereta huanza kukohoa nje, na Éliezer Mutambo husimama kando ya shuka jeupe, kipaza sauti mkononi, akiwasemea watu wa filamu kwa Kiswahili. Filamu ni za Kifaransa, lugha aliyoinywa bwenini kwa wamisionari pamoja na uji.

Inayopendwa kuliko zote ni ya mama aliyeuliwa mwanawe. Mwishoni muuaji hupiga magoti mvuani, mama akamwinamia. Hapo sauti ya Éliezer huteremka, laini kama siagi ya milimani: "Nimekusamehe, mwanangu. Inuka." Miaka mitatu ukumbi umelia palepale.

Jumapili hii, kwenye benchi la mbele alikuwa ameketi Willy.

Willy ndiye aliyewaongoza wenye bunduki hadi malishoni, kule milimani Bibokoboko, kwa Shimwa, mdogo wake Éliezer. Ng'ombe walichukuliwa, Shimwa hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Sasa Willy ameokoka, na Jumatano iliyopita, mlangoni mwa kanisa, alikuwa ameleta sharti lake.

"Unisamehe kwanza, Mwalimu, mbele ya bantu bote. Kisha nitakuonyesha nilimufukia wapi."

"Onyesha kwanza."

"Nikionyesha, utanipeleka kwa askari. Yule mama wa filamu aliulizaka kitu? Alisamehe tu. Ni we ulitufundisha."

Éliezer alijivunia kwamba ulimi wake haujapata kutamka neno ambalo moyo haujalitia sahihi. Lakini nyumbani, mkekani, mama yake, Kabanyana, hakuwa ametia chakula kinywani tangu asikie sharti hilo.

"Sema tu, Éliezer," alikuwa amemwambia. "Neno halichubui midomo. Mi sitaki kesi. Niko nataka mifupa ya mutoto wangu, nijue pa kulilia mbele sijakufa."

Filamu ikafika mvuani. Muuaji akapiga magoti. Éliezer akapunguza sauti ya Kifaransa kama kawaida yake, na kwenye shuka midomo ya mama yule ikaanza kwenda.

Alijua inachosema. Alijua tangu siku ya kwanza. Mama yule hakuanza na msamaha. Alianza na swali. Éliezer ndiye aliyelikata, kwa kuwa lilionekana kwake kama doa kwenye vazi jeupe: neema, alijiambia wakati ule, haimhoji mtu. Watu walitaka kulia, naye akawafupishia njia ya machozi. Leo njia ile fupi ilikuwa imemrudia, imevaa shati la Willy.

"Mwalimu, umesahau?" Immaculée wa kwaya aliuliza kutoka nyuma. "'Nimekusamehe, mwanangu.' Hata mbuzi wangu anaijua."

Wakacheka. Willy hakucheka. Alikuwa ameegemea mbele, viganja vimekutana, kama mtu anayesubiri maji chini ya bomba. Neno moja, na Kabanyana angepata mifupa ya mwanawe. Éliezer akafungua kinywa.

"Niambie kwanza," akasema, na sauti haikuwa laini, "ulimlaza wapi mwanangu. Nitamwinuaje mtu ambaye bado amejificha?"

Ukumbi ukanung'unika.

"Amegeuza filamu."

"Mama hasemagi hivyo."

"Ndivyo anavyosema," Éliezer alijibu. "Ndivyo alivyosema siku zote. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Willy akasimama. Hakumtazama Éliezer, alipita katikati ya mabenchi kuelekea mlangoni, na kila hatua yake ilikuwa ikimchukua Shimwa tena, safari hii moja kwa moja. Éliezer alitaka kumwita. Angetamka msamaha wowote, hata wa uongo, amwokoe mama yake pale mkekani. Lakini kwenye shuka muuaji alikuwa ameinua uso, midomo yake inajibu, na watu wote walikuwa wakingoja waambiwe amesema nini.

Éliezer hakumsemea. Alinyoosha mkono wenye kipaza sauti kuelekea mlangoni, gizani, jibu alitoe Willy mwenyewe.

Muuaji akamaliza kusema. Mvua iliendelea kunyesha pasipo sauti. Mlangoni, Willy alikuwa ameshika ncha ya turubai, hajaifunua, hajaiachia.