Mwalimu Mkuu Asiyeelea

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, mama wa taulo wa kituo cha kuelea hupiga magoti kando ya tangi na kuchovya kiwiko. Kiwiko kikishindwa kujua maji yameanzia wapi, joto liko sawa. Kisha humimina chumvi chungu, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa, hukoroga kwa kasia na kuweka yai. Yai likielea tumbo nje, mtu ataelea. Maji yenyewe hayafiki magotini. Mteja huziba masikio, hulala chali humo ndani, hufungiwa kifuniko, na kwa saa nzima hasikii, haoni, wala hajui miguu yake iko upande gani. Wengi hutoka wakitabasamu kama watoto waliotoka kunyonya. Mchinjaji wa jirani, kilo mia na arobaini, huelea kama jani na kukoroma mpaka kifuniko kinatetemeka.

Mwalimu Mkuu alikuja Alhamisi baada ya vipindi, kwa amri ya binti yake.

"Baba, presha yako imepanda hadi mashine ya daktari imeona haya," binti alimwambia. "Nenda ukaelee."

Mama wa taulo alimtambua kabla hajavua viatu. Alikuwa amemfagilia ofisi miaka kumi na minane. Mwalimu Mkuu naye alimtambua, akaanza kusoma vigae vya ukutani kana kwamba vimeandikwa.

Miaka miwili kabla ya hapo, bahasha ya maswali ya mtihani ilipotea ofisini mwake. Wenye funguo walikuwa wawili tu, yeye na huyo mama. Mwalimu Mkuu aliandika barua, akaigonga muhuri, na mama akaondoka siku hiyohiyo na kandambili zake mkononi. Picha yake ilibandikwa kwenye kibanda cha mlinzi, ili asikanyage tena pale. Jumamosi iliyofuata Mwalimu Mkuu alikwenda kuvaa suti ya harusini, akaikuta bahasha ndani ya mfuko wa nailoni wa dobi ulioifunika, alikoichomeka mwenyewe siku aliyokuwa na haraka na mikono imejaa. Lakini barua ilikuwa na muhuri, naye katika kazi yake yote hakuwahi kurudisha barua yenye muhuri. Aliisukuma suti nyuma ya nguo nyingine. Harusini alikwenda na koti la kazini.

"Karibu, Mwalimu," mama alisema, akampa taulo. "Kama una kidonda, paka mafuta. Chumvi hii inauma."

"Sina kidonda."

Akalala chali, akazama. Alizama taratibu, kama kijiko kwenye uji, mpaka hakuonekana. Mama alisubiri mapovu, hayakuja. Akainama, akasikia mtu anapumua vizuri tu huko chini, basi akafunga kifuniko na kugeuza saa. Muda ulipotimia alimwopoa kwa mpini wa ufagio.

"Umepumzika?"

"Kidogo."

Alhamisi ya pili mwenye kituo, mwalimu wa kuogelea mstaafu aitwaye Kocha, aliongeza magunia mawili ya chumvi. Yai lilirukaruka juu ya maji. Mwalimu Mkuu alizama haraka zaidi. Kocha akamfunga kamba kiunoni na kuipima ilivyokuwa ikienda: mita tisa. Aliitwa fundi bomba, akalala chini ya tangi na tochi.

"Huku ni saruji kavu," alisema.

"Kwa hiyo si bomba."

"Si bomba. Mngeniita kwa bomba."

Mchinjaji, aliyekuwa akingoja zamu, alikunja uso. "Mtu mwenyewe upepo ukivuma anashika nguzo, halafu anazama? Mimi hapa natosha watu wawili na mbuzi, naelea. Mwambieni apunguze kitu."

"Apunguze nini?" Kocha aliuliza.

Mchinjaji hakujua. Mwalimu Mkuu alikuwa anafunga vifungo vya shati, akakosea kimoja, akaanza upya.

Alhamisi ya tatu walibaki wawili tu, mama na Mwalimu Mkuu. Mama alizungusha kamba mkononi. Kabla ya kufunga kifuniko alisema, akiangalia yai, "Mjukuu wangu ameanza darasa la kwanza kwako. Nikimleta namwachia ng'ambo ya barabara, anavuka peke yake. Mlinzi ananielekeza kwa kidole kwenye picha yangu. Mwalimu, kama una neno, sema sasa. Nikishafunga sisikii."

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshashuka mita nne. Kutoka chini sauti yake ilikuja wazi kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Mama, ile bahasha..."

Kamba ikalegea. Tumbo la Mwalimu Mkuu likatokea juu ya maji, kisha magoti, kisha uso. Akaelea mwepesi kama sponji, vidole vya miguu vimetoka nje. Mama aliishika kamba iliyolegea, akangoja. Ilibaki kusema tu bahasha ilipatikana wapi. Mwalimu Mkuu aliutazama uso wake, akaona mvi ambazo hazikuwapo wakati ule.

"Ile bahasha," alisema, "ilituumiza sote."

Akaenda chini kama jiwe. Kamba ilikwangua viganja vya mama, na siku hiyo hawakupima mita, kwa sababu kamba yote iliisha.

Kocha alimtoa kwa winchi ya gari, akakaa kufikiri, halafu akaenda dukani na kurudi na boya la plastiki la watoto, la duara, lenye picha ya bata. Lilimtosha kiunoni. Pampu ilikuwepo, ila kelele zake zingevuruga utulivu wa wateja, kwa hiyo boya hujazwa kwa mdomo.

Siku hizi, kila Alhamisi, mama hukaa kwenye kigoda na kulipuliza. Huchukua dakika kumi. Mashavu humvimba, mishipa ya shingo humsimama, mara mbili hupumzika na kushika kifua. Mwalimu Mkuu husimama mbele yake na taulo kiunoni, akitazama vigae. Kisha hulivaa, hulala chali, na pumzi ya yule mama humbeba saa nzima. Hulala usingizi. Presha imeshuka, daktari amefurahi.

"Maji yako yananifaa sana, mama," husema akifunga kamba za viatu.

"Vizuri, Mwalimu."

Akishatoka, mama hufungua kizibo, hulikumbatia boya kifuani mpaka pumzi yote itoke, hulikunja na kulitundika likauke.