Kunde za Maingi

Maingi alikuwa na wazimu wake, na mtaa mzima wa Tassia, Nairobi, uliujua. Alikataa katakata kutiliwa sukari kwenye juala la plastiki. Alikwenda dukani na kiondo cha mamake, kijana wa miaka ishirini na minne, bila haya. Maganda ya ndizi ya majirani aliyaomba kama mtu anayeomba chumvi, akayafukia kwenye kishamba chake chini ya nyaya kubwa za stima pamoja na samadi ya mbuzi aliyoibeba kwa baiskeli kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko. Watoto walimwita Meya wa Takataka. Alicheka tu. Kumkasirisha mtu yule ilikuwa kazi, na Triza alijaribu sana.

Triza alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Alikuwa rafiki yake, si mchumba, ingawa majirani wa ploti walishawapangia arusi. Jumapili wakitoka kanisani walilima pamoja. Na ni yeye peke yake aliyeonyeshwa mikebe.

Ilikuwa mikebe tisa ya mafuta ya kupikia, nyuma kabisa chini ya kitanda, imejaa kunde na mbaazi zilizochanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Maingi alikuwa amezitafuta huko kwao Kitui kwa miaka mitatu, boma kwa boma, konzi hapa, konzi pale, kwa akina nyanya wachache waliokuwa bado nazo. Wengine wote walikula mbegu zao wakati wa ukame, na sasa walingojea zile za msaada zilizopakwa dawa.

"Triza, hata tukisota aje, hizi hazipikwi," alimwambia. "Mvua ya Oktoba ikinyesha tunapanda. Nusu hapa, nusu kwa mathe kule ushago, Kitui. Nikikosekana, wewe ndio unajua zilipo."

"Ukosekane uende wapi?" Triza alimuuliza, akamsukuma bega.

Mwisho wa Septemba, mwaka wa tisini na saba, lori lilimgonga Maingi kwenye barabara ya Outering, na gunia lake la samadi nyuma ya baiskeli. Alikufa papo hapo. Triza alipofika, mwili ulikuwa umeshaondolewa, lakini samadi ilikuwa bado imetapakaa na magari yanaikanyaga. Alitaka kuizoa. Hakuwa na kitu cha kuzolea.

Matanga yakaanza, na matanga hayana huruma. Watu wanakuja, wanaimba, wanalia, kisha lazima wale. Mama Maingi alifika kutoka Kitui na shemeji yake, Mzee Ndete. Mama huyo akaketi kwenye godoro asiguse chochote ila maji. Jikoni akawekwa Triza, kwa kuwa yeye ndiye aliyemjua marehemu. Kana kwamba kumjua mtu ni kujua kupikia watu themanini!

Siku ya tano asubuhi, mahindi yalikuwepo lakini maharagwe ya matanga yalikuwa yamekwisha, na watu wa kanisa walikuwa wanakuja saa saba. Triza alikuwa anapuliza moto, macho yamemvimba.

"Phelister," alimwambia jirani yake, "chini ya kitanda cha Maingi kuna gunia la maharagwe. Leta yote."

Phelister akaleta karai limejaa pomoni. Triza aliosha mwenyewe, kwa mikono yake. Maji ya kwanza yalitoka ya kijivu. Aliyaona. Akayamwaga, akaosha tena huku akiwaza jinsi watakavyompeleka Maingi Kitui kesho, akatia kila kitu kwenye sufuria pamoja na mahindi. Hilo ndilo linalomla mpaka leo, kwamba aliyaona.

Githeri ilisifiwa. Hata Mama Maingi alipokea sahani, akala, akaomba aongezwe, na wanawake wakatazamana kwa shukrani. Mzee Ndete alikuwa kwenye kijiko cha tatu alipoacha kutafuna. Akaokota punje moja kwa vidole, akaitazama kiganjani.

"Hizi mmezitoa wapi?" aliuliza. "Ni kunde za mama yetu! Angalieni jicho lake jekundu. Kwetu ziliisha njaa ya themanini na nne. Sikudhani nitazionja tena kabla sijafa."

Alikuwa anatabasamu, mzee wa watu, machozi yanamlengalenga.

Triza aliacha mwiko ukaanguka, akakimbilia chumbani. Mikebe yote tisa ilikuwa sakafuni, wazi. Phelister alimfuata, akasimama mlangoni.

"Gunia lilikuwa na kidogo tu," alisema. "Si ulisema nilete yote?"

Kweli alikuwa amesema. Triza aliigeuza mikebe mmoja mmoja juu ya shuka, akaigonga matako. Yalitoka majivu.

Phelister alipoondoka aliingia Mama Maingi, sahani yake mkononi.

"Mwanangu, Maingi aliniambia wewe unajua alikoniwekea mbegu. Nataka nizibebe mwenyewe kesho. Nikishamzika, nizipande."

Triza angeweza kusema panya. Angeweza kusema wezi, na nani angebisha, mtaa huu?

"Tumezipika, mama. Ni mimi niliyezipika."

Mama Maingi aliitazama mikebe, kisha akatazama sahani.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo, mama."

Aliketi kitandani polepole. "Tangu aondoke nimeshindwa kumeza," alisema. "Leo nikameza. Nikajiambia, mtoto wangu amenihurumia."

Hakupiga kelele. Triza alitamani apigwe, atukanwe, afukuzwe kama mbwa. Badala yake yule mama alisogea kidogo, akampisha nafasi, akamwekea sahani magotini.

"Maliza. Hakuwahi kumwaga chakula."

Triza akala. Kila punje ilikuwa tamu, na mama yake Maingi alimtazama mpaka ya mwisho.

Nje, Mzee Ndete alikuwa anauliza kama zimebaki.