Wakili Niliyemchagua Mwenyewe

Mpaka leo watu wananijia hapa Sugoi. Mtu amepata ploti mjini, au kipande cha shamba, anataka kujua wakili gani ni mzuri. Nawaambia, wakili mzuri mimi simjui. Mimi namjua wakili wangu. Na kama umekuja hapa na shemeji yako ili yeye ndiye akuchagulie, amkeni nyote wawili mwende zenu, chai mtakunywa mbele ya safari.

Wanasema Jemutai ana mdomo. Ninao. Ndio ulionipatia shamba hili.

Mume wangu alikufa mwaka mmoja kabla ya Uhuru, na hakuniacha na mtoto. Tulikuwa tukikaa kwenye ardhi ya ukoo wao, na ndugu yake, Kipyego, hakungoja hata machozi yakauke. Akaanza kuniita "mgeni wetu." Mgeni! Mimi niliyeng'oa visiki vya ile ardhi mpaka mikono ikatoka damu, yeye akiwa amelala na pombe ya busaa kichwani! Basi nikafanya walivyofanya bibi zetu. Kwetu mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa. Ndiyo, kuoa, mnasikia vizuri. Anatoa ng'ombe, wazee wanabariki, na tangu siku hiyo yeye ndiye mume wa nyumba, na watoto watakaozaliwa humo, hata mbegu ikiwa ya mwanamume wa nje, ni wake. Nikamwoa Chelimo, binti ya Mzee Kipkemboi. Ng'ombe walikuwa wangu mwenyewe, wa maziwa, na Kipkemboi aliwakagua meno na viwele kabla ya kuwapokea. Chelimo akamzaa Kiptoo. Nyumba yangu ikapata mrithi.

Mrithi wa nini? Hapo ndipo Kipyego alipokuwa akinicheka.

"Mtoto unaye," aliniambia, "lakini ardhi yake iko wapi? Hii ni yangu. Akikua atafute pa kwenda. Na wewe pia anza kutafuta."

Maneno hayo yalinichoma kama kaa la moto. Kuanzia hapo sikutaka kitu kingine duniani ila ardhi yenye jina langu, ili Kiptoo asije akaitwa mgeni na mtu yeyote. Niliuza maziwa, nikauza viazi, nikauza fahali. Mwaka wa sabini Kaburu mmoja, tuliyemwita Bwana Ndevu, akaanza kukatakata shamba lake la huku Sugoi na kuuza vipande. Nikaenda nikachagua changu, kile chenye mto upande wa chini.

Bwana Ndevu alikuwa mtu mwepesi wa kucheka. Akanishika bega akasema, "Wakili usihangaike, mama. Wangu anatosha. Atatuandikia wewe na mimi, mara moja."

"Kuku na mwewe waende kwa wakili mmoja?" nikamuuliza.

Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Niliporudi nyumbani, Kipyego alikuwa amekwisha kusikia. Jioni hiyo akaja na tabasamu na kilo mbili za sukari. Kipyego na sukari! Ningepaswa kujua hapo hapo. Akasema mambo ya mashamba ni mazito, yanataka mtu aliyesoma, na yeye anaye rafiki Nakuru, wakili Phineas, ambaye amewanunulia watu wakubwa mashamba. Juma lililofuata Phineas akapanda kutoka Nakuru na gari lake jeupe la Pijo, tope la Timboroa limelipaka mpaka madirishani. Suti, tai, miwani. Karatasi alikuja nazo zimekwisha kupigwa taipu, zimebaki kidole changu tu.

"Nisomee," nikasema.

"Mama, ni Kiingereza cha sheria. Hata nikikusomea hutaelewa."

"Basi nisomee majina tu. Majina hayana Kiingereza."

Akamwangalia Kipyego. Kipyego akaangalia dari. Phineas akakohoa, akasoma. La Bwana Ndevu lilikuwamo. La Kipyego lilikuwamo. Langu? Ng'o!

"Ni kwa niaba ya nyumba yako," Phineas akasema haraka. "Mwanamke akiandikwa peke yake, bodi ya ardhi itakataa. Shemeji atakutunzia."

Nikamwambia Chelimo ampe mgeni maziwa, maana heshima ni heshima. Alipomaliza kunywa nikamfungulia mlango. Kipyego akabaki akinifokea uani: "Mchagua jembe si mkulima, Jemutai! Utazunguka na mawakili mpaka shamba liuzwe kwa mwingine!"

"Mchagua jembe si mkulima," nikamwambia, "lakini asiyechagua analimishwa na wenzake."

Kesho yake nikaingia Eldoret. Nilikuwa nimesikia kwamba juu ya duka moja la blanketi kuna wakili kijana, Shitanda, Mluhya, hajamaliza mwaka mjini. Sikuingia kwake. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wake kutoka asubuhi, na karani aliponiuliza nataka nini nikamwambia napumzika. Mnafikiri ng'ombe unamnunua kwa kuangalia pembe? Unamwangalia akila, akitembea, akikamuliwa. Nikamwangalia. Akaja mzee mwenye kanzu iliyotoboka, akaingia. Akaja tajiri mmoja na kofia, akataka kupita mbele. Nikamsikia Shitanda kutoka ndani: "Mzee huyu hajamaliza. Ngoja, tafadhali." Tajiri akanuna, akaenda zake. Na Shitanda hakumfuata.

Mchana nikaingia. Nikamweleza habari yangu. Na yeye, mnajua aliniuliza nini kwanza?

"Mume wako yuko wapi, Mama?"

Nikasimama. Haki ya Mungu, nilikuwa nimefika mlangoni.

"Kaa, Mama," akasema. "Sheria haitaki mume. Sheria inataka mnunuzi. Lakini ardhi ya shamba haiuzwi bila kibali cha bodi, na pale bodi watakuuliza swali hilo hilo. Mimi nataka kusikia utawajibu nini."

Nikakaa. Nikamwambia habari ya Chelimo, ya ng'ombe, ya baraka za wazee. Alisikiliza bila kuandika. Halafu akauliza ni nani wanaokaa kwenye hiyo bodi, mmoja mmoja. Phineas hakuniuliza hilo, angejuaje watu wetu akiwa Nakuru? Nilipomtajia Mzee Kipkemboi akainua kichwa.

"Baba wa Chelimo? Ni mkwe wako, tunaweza kuomba akae kando."

"Mwache akae pale pale," nikasema. "Ana macho mazuri ya kukagua ng'ombe yule."

Hakucheka, lakini nilimwona akijizuia. Akaniambia nisimpe Bwana Ndevu hata senti kabla bodi haijakubali, kwa sababu bila kibali mapatano ni karatasi ya kufungia sukari. Akaniambia pia kwamba sheria ni yake ila mila ni yangu. "Hapo utasema mwenyewe. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna mtu anayekukata maneno."

Na mimi nikampa sharti langu. "Siku utakapozungumza juu ya shamba langu kwa lugha nisiyoijua, siku hiyo umefutwa kazi."

"Nimekubali," akasema. Na Jumamosi akaja Sugoi na buti za mpira, tukazunguka kile kipande chote mpaka mtoni, akihakikisha mawe ya mpaka yapo yalipotakiwa.

Siku ya bodi ilifika. Wazee walikaa nyuma ya meza ndefu katika ofisi ya D.O., afisa wa serikali wa tarafa, na yeye mwenyewe katikati, kijana mwenye mavazi ya kaki yaliyopigwa pasi. Mzee Kipkemboi alikuwa wa pili kutoka mwisho. Tangu nimwoe binti yake alikuwa ameokoka, akawa mzee wa kanisa, na Kipyego alikuwa akimtembelea sana siku zile. Hakuniangalia. Chelimo alikaa nyuma, Kiptoo mapajani.

D.O. alipoliita jina langu, Kipyego akaruka juu.

"Bwana D.O., kwetu mwanamke hamiliki ardhi! Huyu ni mjane wa marehemu ndugu yangu. Shamba liandikwe jina langu, mimi nitamtunzia."

D.O. akajikuna shingo. Akamgeukia Shitanda, akaanza kumwambia jambo kwa Kiingereza, pole pole, kama mtu anayebembeleza. Nikalisikia jina la Kipyego mara mbili. Nikaogopa. Kwa sababu ilikuwa rahisi, mnaelewa? Kijana mgeni mjini, D.O. anamwomba kwa upole, neno moja tu la "yes" na wote wanaenda kula chakula cha mchana.

Shitanda akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Bwana D.O. anapendekeza jina la Kipyego liandikwe pamoja na lako, tumalize leo leo. Mimi sina jibu. Shamba ni lako. Unasemaje?"

D.O. alibadilika uso. Mimi nilitaka kumkumbatia yule kijana.

"Nasema hapana," nikasema. "Na tena hapana. Mimi si mjane anayetafuta wa kumtunzia. Mimi ni mume. Nina mke, yule pale. Nina mwana. Mzee Kipkemboi anajua."

Watu wote wakamwangalia Kipkemboi. Akatoa leso, akajifuta jasho, na baridi ile ya asubuhi!

"Sisi sasa tumeokoka," akasema. "Hayo mambo ya mwanamke kuoa ni ya zamani, ya giza. Tumeyaacha. Mwanamke ni mwanamke."

Iliniuma. Sisemi uongo, iliniuma kuliko matusi yote ya Kipyego, kwa sababu Chelimo alikuwa pale akimsikia baba yake akiifuta nyumba yake kwa leso. Mtu hasemi na mkwe wake kwa ukali, hiyo najua, nimelelewa. Mungu anisamehe. Nilisema.

"Sawa, Mzee. Mimi si mume, basi ndoa hakuna. Na kama ndoa hakuna, ng'ombe wangu wanafanya nini bomani kwako? Wanataka kurudi. Leo! Na ndama wao, na ndama wa ndama wao. Na maziwa uliyokunywa miaka yote hii nitakusamehe, kwa kuwa umeokoka."

Ofisi nzima ikalipuka kwa kicheko. Kipyego akaanza kupiga kelele kwamba ninamtukana mzee wa bodi.

"Mteja wangu hajamaliza," Shitanda akasema. Basi, hayo tu. Akakaa.

"Ukishawarudisha," nikaendelea, "mchukue binti yako nyumbani. Na mjukuu wako mchukue. Jumapili usimame kanisani uwaambie watu huyu mtoto ni wa nani. Mimi nimewaambia ni wangu. Wewe utawaambia nini?"

Kicheko kikakatika. Chelimo akainuka kule nyuma. Chelimo ambaye hata nyumbani husema kwa kunong'ona.

"Baba, mimi kwako sirudi," akasema. "Mimi nina bwana."

Kipkemboi alimtazama binti yake, akamtazama mtoto. Akakunja leso yake, akairudisha mfukoni. Aliposema, alisema akiiangalia meza.

"Bwana D.O., huyu ni mkwe wangu. Ng'ombe nilipokea. Mkwe wangu anunue shamba lake."

D.O. akawauliza wazee wengine. Nani angebisha? Nusu yao walikunywa pombe ya arusi yangu. Kibali kikatoka. Baada ya majuma machache Shitanda akaniita ofisini, akanisomea taito, ile hati ya shamba, yote kwa Kiswahili, na jina lilikuwa moja.

Siku ya kuhama, Kipyego alikuja kusimama uani, mikono nyuma, kuhakikisha hatubebi kisicho chetu. Tukapakia vyungu, tukapakia vitanda, tukang'oa mlango, tukaupakia. Halafu nikachukua nyundo, nikaegemeza ngazi ukutani, nikapanda juu ya paa, maana yale mabati niliyanunua mimi, kwa viazi vyangu, na sikuwa na nia ya kumwachia hata msumari.

"Shuka!" Kipyego akapiga kelele. "Ebo! Mwanamke hapandi paa! Unataka kutuletea laana?"

Nikang'oa msumari wa kwanza.

"Mwanamke gani? Nenda kamuulize Kipkemboi," nikamwambia kutoka juu. Nikateremsha bati la kwanza. "Na shika hili vizuri, lisikukate."

Akalishika.